Hundi Pacha

Chumbani kwetu mimi huitwa Jicho. Sikujipa jina hilo, ila sikulikataa pia. Miaka kumi na tisa nimekaa kwenye meza moja, kando ya dirisha lisilofunguka, nikitazama hundi za watu, na wote waliojaribu kuniuzia mbuzi kwenye gunia walirudi na magunia yao. Nasema hivi mapema ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani asubuhi ya Alhamisi ile. Nilikuwa mtu anayejiamini kupita kiasi, na hakuna aliyethubutu kuniambia.

Kazi yenyewe haina maajabu. Hundi ikishapokelewa kaunta ghorofa ya chini, inapandishwa kwetu ghorofa ya pili, inapitishwa kwenye mashine, mashine inaipiga picha, inasoma namba zake, na pesa zinaingia kwa mteja. Karatasi yenyewe inatiwa kwenye mfuko, mfuko unapigwa lakiri na kuteremshwa stoo, na kuanzia hapo hakuna anayehangaika nayo. Tunafanya kazi na picha. Kila asubuhi saa mbili mfumo unatutolea orodha ya hundi zilizoingia mara mbili: namba ileile, akaunti ileile, kiasi kilekile. Sisi tunaziita pacha. Na kwa pacha wa hundi hapongezwi mtu, kwa sababu hundi moja inalipwa mara moja tu.

Mwezi ule tulikuwa tumekamata pacha watatu wa wizi. Mchezo wao ulikuwa mmoja. Mtu anapiga kopi ya rangi, hundi halisi anaipeleka kaunta na kupewa risiti, kisha siku ya pili kopi anaitumbukiza kwenye lile sanduku la ukutani ambalo tumewawekea wateja wasiopenda foleni, na sandukuni hakuna risiti. Wote watatu niliwakamata mimi. Kiti cha msimamizi kilikuwa wazi tangu mwenyewe astaafu, na kila mtu alijua kinanisubiri, mimi kwanza.

Basi Alhamisi hiyo orodha ikatoka na pacha mmoja tu. Hundi ya shule, imeandikwa kwa mshonaji wa sare. Imeingia Jumanne, ikaingia tena Jumatano. Nikazifungua picha mbili kwenye kioo, nikazikuza, na jicho likafanya kazi yake. Picha ya Jumanne ilikuwa safi kama shati la harusi. Ya Jumatano ilikuwa na mkunjo pembeni, upande wa kulia, chini ya sahihi. Nikajisemea, hizi ni karatasi mbili. Nikaifunga kwa muda akaunti ya mshonaji, nikampigia simu mwenyewe.

"Mama, unahitajika benki leo kabla ya saa sita. Njoo na kitambulisho."

"Kuna nini, mwanangu?"

"Utaambiwa ukifika."

Ningeweza kusema kwa upole zaidi. Sikusema.

Alifika saa tano, akiwa na mwanawe, mpima ardhi, ambaye alitoka moja kwa moja kwenye eneo la kazi na buti zake zilikuwa na udongo mwekundu. Mama mwenyewe alikuwa wa miaka sitini na kitu, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, na futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. Mwanawe alikuwa amemshika kiwiko kama anayemvusha barabara. Nikawaingiza kwenye kile chumba kidogo cha mahojiano, chenye meza moja, viti vitatu na kalenda ya mwaka uliopita.

"Mama, futi," mwanawe akamnong'oneza.

Mama akajigusa shingo, akaivua, akaizungusha kidoleni, akaitia mkobani. Niliona mwanawe akimtazama anavyofanya hivyo. Aliangalia kwa wasiwasi ambao haukulingana na kosa la kusahau futi.

Nikamwamkia, akaitikia. Heshima ikaishia hapo.

"Hundi hii umeileta mara ngapi?"

"Mara moja, mwanangu. Jumanne saa nne. Risiti yake hii hapa."

"Hiyo ni ya kaunta. Mimi naulizia ile ya sandukuni."

"Sanduku gani?"

"Mama, tusipotezeane muda. Lile la ukutani, pale chini. Hujawahi kulitumia?"

"Nimewahi. Foleni ikiwa ndefu."

"Na Jumatano ulikuja huku?"

Akafikiri. "Jumatano nilikuja kununua vifungo. Duka la vifungo liko hapo ng'ambo."

"Ukaingia benki."

"Sidhani."

"Hudhani?" Nikamtolea macho. "Mama, mtu anajua kama ameingia mahali au hakuingia."

Mwanawe akainama mbele. "Dada, taratibu. Mama siku hizi anachoka."

Nikamwambia hapa hatuulizi uchovu, tunauliza hundi. Ulimi hauna mfupa, na wangu ulishakuwa hivyo tangu utotoni. Nikazitoa picha mbili nilizozichapa, nikazipanga mezani mbele yake.

"Hii safi. Hii ina mkunjo. Karatasi moja haiwezi kuwa safi na yenye mkunjo kwa wakati mmoja. Kwa hiyo karatasi zilikuwa mbili, na zote ziliingia kwako."

Ilikuwa hoja nzuri sana, mpaka uifikirie. Hakuna aliyeifikiria pale ndani, na mimi ndiye niliyekuwa nalipwa kufikiri.

Nikawaeleza sheria inavyosema. Ikifika saa kumi jioni bila maelezo, akaunti inafungwa kabisa na jina lake linakwenda kwenye orodha inayosomwa na benki zote. Shule haziwalipi washonaji mkononi, zinalipa kwa hundi. Mshonaji asiye na akaunti hana sare za kushona, na zile alizokuwa nazo mezani, sare za watoto mia moja na arobaini, zingekuwa za mwisho. Njia ya pili ilikuwa kusaini fomu ya kukiri: niliiweka hundi mara mbili kwa kusahau. Benki inachukua kilichozidi, akaunti inabaki, ila kuanzia siku hiyo hatasaini kitu peke yake. Kila karatasi itasainiwa pia na ndugu wa kumsimamia.

Mikono ya mama ilikuwa juu ya meza, vidole vyenye matobo madogo ya sindano, na hakuisogeza.

"Basi labda niliileta," akasema.

Nilitegemea kelele. Wezi hupiga kelele, na wasio wezi hupiga zaidi. Yeye hakupaza sauti hata kidogo.

"Mama yangu alianza na chumvi," akaendelea, akimwambia mwanawe kuliko alivyoniambia mimi. "Anatia chumvi kwenye sufuria, anasahau, anatia tena. Tulikuwa tunacheka. Tukimwambia, anakataa, anasema ametia mara moja. Alikuwa hadanganyi. Kwake yeye ilikuwa mara moja." Akanigeukia. "Nikikwambia mara moja, mwanangu, nasema ninachokikumbuka. Zaidi ya hapo sijui."

Mwanawe akamwekea mkono mgongoni. "Saini tu, mama, twende nyumbani. Si ndiyo tuliyokuwa tunazungumza? Utahamia kwangu, chumba kipo, utapumzika. Zile cherehani zina mtu tayari."

"Mnunuzi umeshampata?"

"Nilimtafuta tu, kama tahadhari."

"Sawa," akasema mama. Nilikuwa nimeshinda. Nikafungua droo nikatoa fomu, nikampa kalamu, na sikuelewa kwa nini ushindi una ladha ya dawa ya kikohozi.

Akavaa miwani. Akaisoma fomu yote, mstari kwa mstari, jambo ambalo wateja wetu hawafanyi. Kisha akaisogeza pembeni na kuivuta ile picha yenye mkunjo, akaiinua kwenye mwanga.

"Hii hakuikunja mtu," akasema.

"Unasemaje?"

"Karatasi ukiikunja kwa mkono, unapata mstari mmoja. Hapa kuna mistari miwili, imeongozana, na katikati yake kuna vijidonda vidogo vidogo, umeviona? Hiki ni kitu kilichobanwa na mashine. Nguo ikikwama chini ya mguu wa cherehani inakuwa hivi hivi. Mguu umebana juu, meno yanavuta chini, kitambaa hakiendi mbele wala hakirudi nyuma. Mtu mwenye haraka anaking'oa kwa nguvu." Akairudisha picha mezani. "Miaka arobaini nimewagombeza wanafunzi wangu kwa alama kama hiyo."

Alisema hayo bila nia ya kujitetea. Hakujua kwamba amejitetea. Akaichukua kalamu.

"Nisaini wapi?"

Kijasho chembamba kilinitoka, tena kwenye chumba chenye kiyoyozi.

"Ngoja, mama. Usisaini kwanza."

Nikatoka nikasimama koridoni, nikiitafuta Jumanne kichwani mwangu, nayo ikaja yote bila kukosa kitu. Saa kumi na dakika ishirini jioni, mimi niko kwenye mashine na rundo la hundi, simu iko begani, baba watoto yuko upande wa pili anapiga kelele. Bomba la chini ya sinki limepasuka, maji yamejaa jikoni, spana iko wapi. Namwambia spana iko kwenye sanduku la vyombo. Haimo. Namwambia angalia tena, wewe ukitafuta kitu unatafuta kwa pua. Ananiambia mimi ndiye niliyeihamisha. Mimi! Katikati ya mambo hayo mashine ikakwama, hundi imenasa kooni, na mimi nikaipiga mashine kofi, nikaishika ile hundi na kuing'oa kama ninayeng'oa jino la adui.

Sasa, kuna utaratibu. Utaratibu huo niliuandika mimi mwenyewe, umebandikwa ukutani juu ya mashine, na mwandiko ni wangu. Hundi ikikwama, angalia kihesabio kwanza. Mashine ikiwa imeshaihesabu, ina maana picha imepigwa, na hundi inakwenda kwenye fungu la zilizosomwa. Ikiwa haijaihesabu, inarudi juu ya zile ambazo bado. Sikuangalia kihesabio. Nilikuwa nabishana juu ya spana. Niliiweka juu ya zile ambazo bado, nikazifunga rundo lote kwa mpira, nikakimbia nyumbani, na Jumatano asubuhi nikaendelea kuanzia hapo. Spana, kwa taarifa yenu, ilikuwa mfukoni mwa koti la baba watoto.

Nikateremka stoo. Mtunza stoo ni mtu wa maneno machache na anayafurahia yote.

"Leo Jicho limekuja kwa miguu," akasema. "Umechoka na picha?"

"Nipe mfuko wa Jumanne na wa Jumatano. Fomu nitakuletea."

"Fomu kwanza."

"Kaka, nakuomba."

Nadhani hakuwahi kunisikia nikiomba, kwa sababu aliinuka. Tukavunja lakiri. Katika mfuko wa Jumanne hundi ya mshonaji haikuwemo. Katika mfuko wa Jumatano ilikuwa ya kwanza juu, moja tu bila pacha, na mkunjo wake pembeni: mistari miwili iliyoongozana na vijidonda katikati, kama alivyosema. Nikaigeuza. Mashine yetu ni ya zamani, inapiga picha uso tu, lakini kila hundi inayopita inagongwa tarehe nyuma kwa wino wa zambarau. Mgongoni mwa hundi hii tarehe zilikuwa mbili, ya Jumanne na ya Jumatano, moja imelalia nyingine. Karatasi moja. Nyani haoni kundule, na mimi nilikuwa nimeshayacheka makalio ya chumba kizima.

Nikapanda nayo mpaka kwa mkuu wa kitengo. Mkuu wetu kazi nilimfundisha mimi, siku hizi ananisainia likizo, na mpaka leo ananiita dada. Nikamweleza yote, spana ikiwemo. Akaigeuza hundi mara mbili tatu, akaiweka mezani kwa uangalifu.

"Dada, kaa."

"Nimesimama sawa."

"Barua mbili za onyo unazo. Zote za mdomo."

Kweli. Moja ni ya kumwambia meneja wa tawi ana mwandiko wa kuku. Ya pili ni ya fundi wa mashine, na sitairudia hapa.

"Hii itakuwa ya tatu. Ya tatu ikiingia, kile kiti kimekwenda, na mimi sitakuwa na la kusema." Akashusha sauti. "Umeniambia mama mwenyewe amekubali kusaini."

"Amekubali."

"Basi asaini. Kilichozidi kinarudi, akaunti yake inafunguliwa leo hii, hapotezi hata senti moja. Mwanawe atakuwa anasaini naye. Wazee wangapi wanasainiwa na watoto wao? Ni jambo la kawaida. Mimi sijaiona hundi hii."

Hakuwa mtu mbaya aliposema hayo. Alikuwa ananipenda, na alikuwa na deni la fadhila kwangu, na alikuwa analilipa kwa alichokuwa nacho. Nisiwadanganye, niliichukua hundi, nikakishika kitasa cha mlango nikasimama. Kiti kile nilikuwa nimekitamani miaka minne. Nilishakikalia moyoni, nilishaamua hata kitawekwa upande gani ili mwanga usinipige usoni. Na hundi ilikuwa mkononi mwangu, mfuko ulikuwa umeshavunjwa lakiri, mtunza stoo haulizi. Ningenyamaza, na hakuna mtu hata mmoja ambaye angejua, kuanzia siku ile mpaka kaburini. Niliogopa kwa jinsi ilivyokuwa rahisi.

Nikatoka.

Mlango wa chumba cha mahojiano haujifungi vizuri. Nilipoukaribia niliwasikia wanazungumza.

"Leo tarehe ngapi, mwanangu?" mama alikuwa anauliza, kalamu ikiwa juu ya fomu.

Swali hilo mimi huliuliza mara kumi kwa siku. Kila mtu anayejaza fomu huliuliza. Lakini mwanawe hakujibu upesi, na kupitia upenyo wa mlango nilimwona amegeuza uso ukutani, anajifuta macho kwa mkono wa shati asionekane.

"Tarehe kumi na saba, mama."

"Kumi na saba. Na huyo mnunuzi atakuja lini?"

"Jumamosi, ukipenda."

"Mwambie aje. Ila ile cherehani nyeusi mniachie." Akaiweka miwani sawa. "Sitaishonea. Nitaiweka tu pale chumbani, niwe naiona."

Hapo ndipo nilipoona kukaa kimya kwangu kunafanya nini. Kulikuwa kunauza cherehani za mtu. Kulikuwa kunamwambia mwanamke mwenye akili zake timamu kwamba ameanza kuzipoteza, na yeye alikuwa ameshaamini, amekaa pale anaaga vitu vyake kimoja kimoja. Nikausukuma mlango.

"Mama, weka kalamu chini."

Wakanitazama wote wawili.

"Hundi uliileta mara moja," nikasema. "Mimi ndiye niliyeipitisha mara mbili. Ilikwama kwenye mashine Jumanne, nikaing'oa, na sikuangalia kama ilikuwa imeshasomwa. Jumatano nikaipitisha tena. Ule mkunjo ni wa mashine, kama ulivyosema. Aliyeing'oa kwa nguvu ni mimi."

Nikaiweka hundi mezani, mgongo juu, nikawaonyesha tarehe mbili za zambarau. Mwanawe aliinama akazisoma, akazisoma tena. Shingo yake ikavimba.

"Kwa hiyo tangu saa tano umemkalisha mama yangu hapa..."

"Ndiyo."

"Umemwita mwizi."

"Sikulitamka, lakini ndivyo nilivyomfanyia. Ndiyo."

Akafungua mdomo ili aendelee, na alikuwa na haki. Kisha kitu kikamkata. Alimtazama mama yake, akaitazama fomu, na nikajua amekumbuka kwamba yeye pia alisema saini tu. Akakaa chini taratibu.

Mama hakuitazama hundi hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi.

"Sema tena," akasema.

"Hundi uliileta mara moja, mama."

"Jumatano sikuingia humu."

"Hukuingia."

"Sandukuni sikutia kitu."

"Hukutia kitu. Ulikwenda kununua vifungo, ukarudi nyumbani kwako."

"Sema tena. Polepole. Mtazame yeye."

Nikamgeukia mwanawe, nikayasema yote tena, polepole, neno kwa neno, na nilipomaliza mama alikuwa amejifunika mdomo kwa mikono miwili, na mabega yanamtikisika. Sikujua kama analia au anacheka mpaka alipoishusha mikono, na hata hapo sikujua, kwa sababu yalikuwa yote mawili.

"Kumbe nakumbuka," akasema. "Kumbe nilikuwa nakumbuka sawasawa!"

Na mimi nililia. Jicho zima la chumba cha hundi, nimesimama kwenye kona chini ya kalenda iliyopitwa na wakati, nalia kama mtoto aliyepotelewa na kiatu. Nikamwomba radhi, kwanza kwa mdomo wangu huu, kisha kwa barua yenye muhuri wa benki, na kwenye sehemu ya kutaja aliyekosea nikaandika jina langu kamili. Mkuu alipita mlangoni, akaona, akatikisa kichwa na kuondoka. Barua ya tatu aliniletea Ijumaa. Aliiandika kwa ufupi, hakuweka neno la kuumiza. Kiti alipewa mwingine, na kila nikipita karibu nacho roho huniuma, sitajifanya malaika.

Lakini hayo yalikuwa ya Ijumaa. Alhamisi ile, akaunti ilifunguliwa saa saba kasoro, mama akaisoma barua yote mstari kwa mstari, akaikunja mara mbili.

"Una mdomo mbaya sana, mwanangu," akaniambia.

"Nimeshaandikiwa barua mbili, mama. Leo nadhani itakuja nyingine."

"Ungeandikiwa kumi." Akafuta miwani kwa ncha ya nguo yake. "Mashine ikikwama usivute. Inua mguu kwanza, kitu kitatoka chenyewe."

"Nimesikia, mama."

Akasimama. Mwanawe akawahi, kwa mazoea, akamshika kiwiko. Mama akautazama ule mkono, si kwa hasira, akaupapasa, kisha akautoa, kidole kimoja baada ya kingine.

"Rudi kazini, mwanangu," akamwambia. "Kwangu napajua."